Maji Ndani ya Taa za Gari: Jinsi ya Kuyatoa na Kuziba Yanakopitia, kwa Wenye Magari Malindi

Kuanzia Aprili hadi Juni, masika yakiwa yamekolea, taa za magari Malindi huanza kutanda ukungu. Nyingine hubeba maji kabisa, yakawa yanacheza chini ya lenzi kila gari linapokata kona. Watu wengi hununua silikoni, huizungusha taa nzima, na wiki ya pili maji yamerudi. Silikoni imelaumiwa bure. Kilichokosewa ni kuziba kabla ya kujua maji yanapita wapi, na kusahau kwamba taa ya gari hupumua.

Jinsi taa inavyopumua

Balbu ya H4 ya wati 60/55 ikiwashwa, hewa iliyo ndani ya taa hupata joto, hutanuka, na sehemu yake hutoka kupitia vipumulio. Hivi ni vimrija vya mpira vilivyopinda kuelekea chini, au vifuniko vidogo vyenye utando mwembamba unaopitisha hewa bila kupitisha maji. Viko mgongoni mwa taa, kwa kawaida kimoja juu na kimoja chini. Ukizima taa, hewa hupoa, hunywea, na taa huvuta hewa ya nje. Kama karibu na tundu au ufa kuna maji, huvuta maji.

Kwa hiyo gari lililotoka Gede usiku taa zikiwaka, likatumbukia kwenye dimbwi, linaweza kunywa maji mengi kuliko gari lililolala mvuani usiku kucha. Taa ya moto ikimwagiwa maji baridi hewa ya ndani hunywea ghafla, na huvuta kwa nguvu kupitia kila upenyo. Hali ni hiyo hiyo kwa pikapu inayorudi kinyumenyume ufukweni kushusha boti: taa za breki zimewaka kwa dakika kadhaa, kisha zinazama kwenye maji ya bahari. Ukiwa na kazi hiyo, zima taa na usubiri robo saa zipoe kabla ya kuingia majini.

Ukiziba vipumulio, taa haiachi kupumua. Itapumulia sehemu dhaifu zaidi ya mshono, na unyevu uliomo hautakuwa na njia ya kutoka.

Ukungu wa kawaida au uvujaji?

Usifungue kitu kabla ya kujibu swali hili. Ukungu mwembamba kwenye kona ya lenzi asubuhi yenye umande, usiofanya matone, ukaondoka ndani ya saa moja taa ikiwa imewashwa, si hitilafu. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi na lenzi ikipoa usiku lazima itoe jasho kidogo. Hiyo iache.

Hitilafu ni matone makubwa, michirizi, maji yaliyotuama chini, au ukungu unaofunika zaidi ya nusu ya lenzi na kukaa siku mbili. Linganisha pia taa mbili za gari moja. Zimelala hewa moja, zimepigwa mvua moja. Ya kulia ikiwa safi na ya kushoto imejaa ukungu, ya kushoto ina tundu.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni balbu za LED zilizowekwa mahali pa zile za kawaida. LED haipeleki joto mbele kwenye lenzi kama balbu ya zamani, kwa hiyo ukungu ambao zamani ulikaushwa na balbu yenyewe sasa hukaa. Baya zaidi, LED nyingi zina feni mgongoni, mpira wa kuzuia maji haukai tena, na aliyezifunga huutupa. Hapo taa imebaki na tundu la upana wa vidole vitatu. Ukikuta hivyo, umeshapata njia ya maji na huna haja ya kuendelea kutafuta: rudisha mpira, au tafuta kifuniko chenye nafasi ya kutosha kufunika feni, au rudi kwenye balbu ya kawaida.

Vitu vya kuandaa

Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 10, tochi, mswaki laini, beseni kubwa, mrija wa plastiki wa mita moja, tepu ya karatasi, lita 2 za maji ya betri yasiyo na madini, taulo, grisi ya silikoni, na silikoni isiyotoa asidi.

Hiyo ya mwisho iangalie vizuri dukani. Silikoni ya kawaida ya kuzibia masinki hunuka siki inapokauka. Harufu hiyo ni asidi, na ikiwa ndani ya taa hula utando wa alumini wa kiakisi mwanga na kuacha doa la kijivu lisilotoka. Soma tyubu: itafute iliyoandikwa kuwa ni ya aina ya kati (neutral cure), isiyotoa asidi. Ikiwa tyubu imekwisha kufunguliwa, nusa. Gundi ya haraka ile ya matone, inayogandisha vidole, nayo usiitumie ndani ya taa. Mvuke wake huacha weupe kwenye plastiki.

Kuhusu maji ya betri: ni yale ya kuongezea, yaliyo safi, siyo asidi ya betri. Duka moja huuza yote mawili, na chupa hufanana.

Kutoa taa

Kwanza weka alama ya mwanga. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, washa taa za chini, na ubandike tepu kwenye ukuta kufuata ukingo wa juu wa mwanga wa kila taa. Weka alama pia sakafuni magurudumu yalipo. Utazihitaji mwishoni.

Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Subiri taa zipoe. Magari mengi ya Kijapani yanayotumika huku huhitaji bampa la mbele lilegezwe upande mmoja kabla taa haijatoka. Taa yenyewe hushikwa na bolti tatu au nne na klipu moja ya pembeni. Klipu hiyo ndiyo huvunjika. Vuta taa mbele kwa usawa, usiikunje. Masikio ya taa yakikatika, taa itatikisika barabarani na mshono utaachia tena hata ukiuziba vipi.

Taa za zenoni zina kifaa kinachotoa maelfu ya volti wakati wa kuwaka. Ikiwa taa ya aina hiyo imeingia maji, usiiwashe hata kujaribu, na usiifungue kama hukufundishwa.

Kutafuta tundu

Angalia kwa macho kabla ya kitu kingine, kwa mpangilio huu:

1. Mpira wa nyuma wa balbu. Umepasuka? Umekauka ukawa mgumu? Ile ya H4 ina neno TOP, na lazima liwe juu. Ikigeuzwa, maji yanayotiririka mgongoni mwa taa huelekezwa ndani.
2. Raba za duara kwenye soketi za indiketa na taa ndogo. Robo mzunguko isipokamilika, raba haikai.
3. Vipumulio. Mrija uliochomoka huacha tundu wazi linaloangalia juu. Ulioziba huwa umejaa vumbi au kiota cha nyigu wa udongo. Magari yanayokwenda Marafa mara kwa mara yaangaliwe hapa kwanza.
4. Mshono kati ya lenzi na bodi ya taa. Pitisha ukucha, pale gundi imeachia utahisi pengo.
5. Nyufa, hasa mgongoni na kwenye kona iliyo karibu na bampa. Gari lililogongwa kidogo tu likanyooshwa huwa na ufa usioonekana mpaka taa itoke.

Macho yakishindwa, tumia mapovu. Toa balbu zote, kisha rudisha soketi na mipira. Chomeka mrija kwenye kipumulio kimoja, ziba vingine kwa tepu. Izamishe taa kwenye beseni la maji safi sentimita chache tu, upande mmoja baada ya mwingine, huku mtu mwingine akipuliza taratibu kwa mdomo. Mapovu yatakuonyesha. Weka alama ya kalamu. Mdomo unatosha, ukitumia kompresa ya kujazia matairi utaachanisha mshono mzima au kupasua lenzi. Kama hutaki kuizamisha, paka maji ya sabuni kwenye mshono kwa mswaki na upulize vivyo hivyo. Kumbuka kutoa tepu kwenye vipumulio ukimaliza. Taa nyingi hurudi garini na tepu zake.

Chumvi: kwa nini ukungu hurudi hata tundu likizibwa

Hapa ndipo kazi ya Pwani inatofautiana na ya bara, na ndipo watu wengi wanapopuuza. Maji yaliyoingia kwenye taa Malindi mara nyingi yana chumvi: rasharasha ya bahari wakati wa kusi, maji ya kisima yanayotumika kuosha magari, matope ya barabara. Magari yanayopakia chumvi Gongoni huibeba mpaka mgongoni mwa taa. Ukikausha taa bila kuisuuza, maji huondoka na chumvi hubaki. Na chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, huvuta maji kutoka hewani yenyewe na kuyeyuka. Usiku wa Malindi hufika hapo bila shida. Kwa hiyo hata taa isiyovuja itaonyesha ukungu kila alfajiri, na mwenye gari atasema fundi hakuziba.

Suuza hivi. Toa balbu na soketi zote. Mimina kama nusu lita ya maji ya betri ndani, tikisa taratibu, mwaga. Rudia mara tatu. Usitumie maji ya kisima, na ya bomba yatumie kwa suuza ya kwanza tu, ikiwa kuna tope. Madoa meupe yanayobaki lenzi ikikauka ni madini ya maji hayo. Usitie sabuni ya kufulia. Wala usiingize kitambaa kufuta kiakisi. Ule mng'aro ni utando wa alumini mwembamba mno, na hutoka na kitambaa kama vumbi la mbawa za kipepeo. Ukishatoka haurudi, na taa haitamulika mbali tena.

Taa yenye bodi ya LED ndani, iliyofungwa kiwandani, isijazwe maji. Hiyo toa maji yaliyomo, kausha, na kama haiwaki, itafutie nyingine.

Kukausha: ilaze taa kifudifudi juu ya taulo, matundu yote wazi, mahali penye joto na upepo lakini pasipo vumbi. Kibaraza kinachopata upepo ni bora kuliko uwanja. Usiiache taa yenye lenzi ya ndani ya duara, ile kama jicho la ng'ombe, ikiangalia jua: hukusanya miale kama kioo cha kukuza na kuchoma plastiki iliyo nyuma yake. Mashine ya kukaushia nywele ikiwekwa kwenye joto la chini, ikapulizia tundu la balbu kwa dakika 20 hadi 30, humaliza kazi. Fanya hivyo kati ya saa sita na saa tisa mchana, hewa ikiwa kavu zaidi. Ukifunga taa jioni umefungia umande ndani.

Vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vinasaidia: viwili au vitatu, usiku mmoja, matundu yakiwa yamefunikwa. Asubuhi vitoe. Kifuko kilichoachwa ndani kikishiba hakifanyi kitu, na kikigusa balbu huungua.

Kuziba

Mpira uliochakaa usiuzibe kwa gundi. Badilisha. Ni sehemu ya bei ndogo, na ya taa iliyotumika kutoka Japani ikiwa bado laini inafaa. Kabla ya kuurudisha, upake grisi ya silikoni kidogo sana, kama punje ya mchele kwa mzunguko mzima. Usitumie grisi ya beringi wala mafuta ya kupaka mwilini kwenye mpira. Aina nyingi za mpira wa taa huvimba zikikutana na mafuta ya petroli, kisha hulegea.

Ufa mdogo mgongoni mwa taa: usugue kwa msasa namba 240 sentimita moja kila upande, ufute, kausha, kisha paka silikoni unene wa milimita 2 na uisukume ndani ya ufa kwa kidole chenye glavu. Kabla ya kupaka, toboa mwisho wa ufa kwa keekee ya milimita 1.5 ili usiendelee kukimbia, halafu ulifunike tundu hilo pia. Acha saa 24. Silikoni hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo hapa Pwani haichelewi, lakini ukiipaka nene sana itakauka ngozi ya juu na kubaki laini ndani.

Ufa kwenye lenzi ya mbele, pale mwanga unapopita, haustahili gundi. Utatawanya mwanga machoni mwa anayekuja. Nunua taa nyingine.

Mshono ulioachia sehemu fupi, sentimita 5 au 10, mara nyingi hurudi bila kufungua taa. Gundi ya kiwandani kwenye taa nyingi za Kijapani ni butili, nyeusi, inayolainika kwa joto. Pasha sehemu hiyo kwa mashine ya hewa moto, ukiitembeza sentimita 10 kutoka plastiki, mpaka mkono usivumilie kuigusa. Bana lenzi na bodi kwa vibanio, acha ipoe kabisa. Kisha pitisha mstari mwembamba wa silikoni kwa nje.

Mshono ukiwa umeachia pengi, fungua taa:

1. Toa balbu, mipira, skrubu na klipu zote za chuma. Skrubu moja iliyosahaulika hupasua lenzi.
2. Pasha oveni hadi nyuzi 100 za Selsiasi, isizidi. Ya gesi hupanda bila taarifa, kwa hiyo ipashe, izime, ndipo uingize taa juu ya ubao, isiguse chuma.
3. Acha dakika 8 hadi 10. Vaa glavu, itoe, anza kwenye kona kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu. Vuta polepole, butili itanyooka kama ubani uliotafunwa. Ikigoma, irudishe dakika 5.
4. Kama baada ya mara mbili gundi bado ni ngumu kama plastiki, acha. Hiyo si butili, na kuilazimisha ni kuivunja taa.
5. Toa gundi ya zamani kwenye mfereji ikiwa ingali moto. Iliyochanganyika na mchanga haifai kurudishwa.
6. Laza kamba mpya ya butili mfereji mzima. Taa ya gari dogo hula takriban mita 1.5 hadi 2. Miisho ipishane sentimita 2, na maungano yawe upande wa juu au pembeni. Chini ndipo maji husimama.
7. Rudisha lenzi, pasha tena dakika 8, bana pande zote, rudisha skrubu.

Petroli na thina zisiguse lenzi kwa namna yoyote, hata kufuta gundi. Plastiki hiyo huingia nyufa ndogo kama utando wa buibui, nyingine siku kadhaa baadaye.

Taa za nyuma

Hizi hazifunguliwi kwa oveni. Lenzi nyekundu imeyeyushwa na kuunganishwa na bodi moja kwa moja kiwandani, na bodi yenyewe hupinda kwa joto hilo. Ufa huzibwa kwa nje tu. Zisafishe kwa maji na sabuni laini. Hata spiriti inaweza kuzipasua.

Mara nyingi, hata hivyo, tatizo si taa. Ni gasketi ya sponji iliyo kati ya taa na bodi ya gari. Ikilala, maji hupita nyuma ya taa, huingia kwenye soketi, kisha buti. Ukikuta zulia la buti limelowa upande mmoja, anza hapo. Bandua sponji yote ya zamani, weka mpya isiyonyonya maji, unene wa milimita 5 au 6, kata moja isiyo na maungano juu. Kaza nati kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana.

Taa nyingi za nyuma za malori na trela zina vijitundu vya kutolea maji sehemu ya chini. Vizibue kwa waya mwembamba. Ni kwenye taa za aina hii pekee tunakubali kuongeza tundu, milimita 3, chini kabisa. Taa ya mbele iliyotobolewa chini hutoa maji leo, na kesho huanza kuvuta vumbi na chumvi.

Tuktuk na bodaboda ni rahisi zaidi: lenzi imeshikwa na skrubu mbili na gasketi nyembamba iliyokufa kwa jua. Kata gasketi mpya kutoka tyubu ya baiskeli, ukifuata umbo la lenzi. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Nyufa za lenzi za bodaboda tunazoziona zinaanzia kwenye tundu la skrubu iliyokazwa kwa hasira.

Soketi na waya

Taa ikiwa na maji, angalia shaba. Kutu ya kijani hukwamisha umeme: balbu hufifia, au ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka kwa mbali. Hiyo ya pili karibu daima ni waya wa ardhi ulioliwa. Sugua ncha kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, suuza kwa maji ya betri, kausha, weka grisi ya silikoni. Waya uliokuwa mweusi ndani ya plastiki yake, ukate nyuma mpaka ufike shaba nyekundu. Kwenye H4 usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi huunda sehemu yenye joto kali na balbu hupasuka mapema.

Kujaribu kabla ya kufunga bampa

Rudisha taa, unganisha betri, washa dakika 15 ipate moto, kisha zima. Mwagia maji ya mpira kwa dakika 5 kutoka juu, kama mvua, bila kubana mdomo wa mpira. Zile mashine za maji ya nguvu za kuoshea magari zisielekezwe kwenye mshono wa taa, leo wala siku nyingine. Hupenya hata mshono mzima. Subiri saa moja, mulika kwa tochi kutoka pembeni. Ikiwa kavu, funga bampa.

Rudisha gari kwenye alama za sakafuni, washa taa za chini, na ulinganishe mwanga na tepu za ukutani. Taa iliyotoka na kurudi hukaa tofauti kidogo. Zungusha skrubu ya kurekebisha, ile ndogo ya mgongoni, nusu mzunguko kwa wakati, mpaka mwanga ukae juu ya tepu.